Gitaa la bei chee na amplifaya ndogo: sauti mbaya inatokea wapi hasa?

Ukilalamika kwamba gitaa lako halitoi sauti unayoitaka, jibu la kwanza utakalopewa ni uza hilo dude ununue la maana, na anayekwambia hivo mara nyingi hata hajalishika mkononi. Sikatai, kuna mengine ni ya kupamba ukutani tu. Ila mengi yanayouzwa leo kwa bei ya chini si mabovu, ni magitaa ambayo kazi yake haijamalizwa, na hiyo tofauti ndo nataka tuichambue taratibu maana ukishaielewa unaacha kutupa hela ovyo.

Iko hivi. Zamani gitaa la bei rahisi lilikuwa linakatwa hovyohovyo, freti, vile vyuma vya kukatisha shingo, zinapangwa vibaya hadi hakuna kutyuni kutakakoliokoa. Siku hizi bodi na shingo vinakatwa na mashine zinazoongozwa na kompyuta, na mashine haijui kama inakata gitaa la laki tatu au la milioni tano. Sasa kiwanda kinabana wapi gharama? Kwanza kwenye vitu vidogovidogo, jeki, swichi, nobu, zile funguo za kukazia nyuzi. Pili, na hapa ndo penyewe, kwenye muda wa fundi. Gitaa la gharama kuna mtu amekaa nalo mwishoni akachonga nati ya shingoni, akasawazisha freti, akapima kila uzi. La kwako limetoka kwenye mashine likafungwa nyuzi likaingia kwenye boksi, basi. Kazi iliyobaki ni yako wewe, au ya fundi wa jirani mwenye mkono mtulivu.

Na vyombo vya bei chee vimeshatoa mziki mkubwa sana. Franco Luambo, gitaa lake la kwanza alijiundia mwenyewe utotoni kwa mkebe na nyaya za umeme zilizochunwa. John Lennon alipokuwa anapiga kwenye sherehe ya kanisa kule Woolton, Liverpool, Julai 1957, siku ile aliyokutana na Paul McCartney, mwenzake wa baadaye kwenye Beatles, alikuwa na Gallotone Champion, gitaa la bei poa kabisa lililotengenezwa Afrika Kusini, ndani lina kibandiko kinachokuhakikishia kwamba halitapasuka (yaani hata muuzaji mwenyewe alijua watu wana wasiwasi na nini). Kule Chicago, mpiga bluzi Hound Dog Taylor alijulikana kwa magitaa ya Kijapani ya bei ya chini na amplifaya ya Silvertone, chapa ya duka la Sears, na watu walijaa baa kumsikiliza.

Sasa tufuate sauti inavyosafiri, kuanzia uzi mpaka sikioni, maana kila ugonjwa una mahali pake.

Anza na nyuzi. Najua unaona ni ushauri wa kitoto lakini nyuzi zilizokuja na gitaa zimeshakaa kwenye kontena na dukani muda mrefu, na kama unaishi Dar, Tanga, Mombasa au Unguja basi chumvi ya hewani na jasho la vidole vinazila haraka kuliko mtu wa Nairobi au Arusha anavyoweza kuamini. Uzi uliochoka unapoteza zile sauti za juujuu zinazoupa mng'aro, afu unalika pale unapokutana na freti kwa hiyo unakuwa mzito sehemu moja na mwepesi sehemu nyingine, hapo hata tyuni haikai. Hakuna nobu ya trebo itakayorudisha kitu ambacho uzi wenyewe hautoi. Futa nyuzi kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza kupiga, hicho tu kinaongeza maisha yake sana. Halafu ile namba ya 9 au 10 kwenye pakiti ni unene wa uzi mwembamba kuliko wote, kwa maelfu ya inchi, yaani 10 ni kama robo milimita. Kwa anayepiga rithim kwa nguvu napendelea 10, hazitetemeki ovyo na mkono mzito hauzipandishi noti. Ila ukihama kutoka 9 kwenda 10 shingo inavutwa zaidi, kwa hiyo vipimo nitakavyovieleza hapa chini inabidi uvirudie.

Nati. Hiki ni kile kijipande cha plastiki pale shingo inapokutana na kichwa, chenye vijimfereji sita, na mimi naamini ndo chanzo cha malalamiko nusu nzima ya magitaa ya bei chee. Kiwandani wanaacha mifereji iwe juu kwa sababu ikiwa juu uzi hauwezi kupiga kelele kwenye freti, hakuna atakayerudisha gitaa dukani. Matokeo yake ukibonyeza freti ya kwanza au ya pili unauvuta uzi mpaka chini, kuuvuta ni kuukaza, kuukaza ni kuupandisha noti. Ndo maana unatyuni kila uzi vizuri kwenye tyuna, kile kipimo cha noti, unapiga kodi ya E inakaa, unahamia F au C kitu kinalia kama kimekosewa, unaanza kulaumu sikio lako. Jaribio lake ni rahisi: bonyeza uzi kwenye freti ya tatu, afu angalia juu ya freti ya kwanza. Kunatakiwa kuwe na kijinafasi cha unene wa karatasi hivi. Ukiona nafasi ambayo kadi ya benki inaweza kupita, nati iko juu, mfereji unatakiwa kuchongwa. Fundi ana tupa ndogo za kazi hiyo, asiye nazo anatumia kipande cha uzi wa zamani ule mnene uliosokotwa, ule ule wa saizi ya mfereji, unasugua kidogo unarudisha uzi unapima, unasugua tena. Haraka ya hapa inagharimu, ukipitiliza uzi unaanza kulia kwenye freti ya kwanza na itabidi mfereji ujazwe kwa gundi kali na unga wa bikaboneti ndo uanze upya.

Na wakati uko hapo hapo, chukua penseli ya kawaida, sugua risasi yake ndani ya kila mfereji. Ule mlio wa "tik" unaousikia ukikaza uzi ni uzi umekwama kwenye nati, unaruka kwa kishindo badala ya kuteleza, na hiyo ndo sababu gitaa linatoka tyuni ukivuta nyuzi kidogo tu, watu wanakimbilia kununua funguo mpya kumbe funguo hazina kosa.

Shingo nayo haitakiwi kunyooka kama rula, inatakiwa ijipinde kidogo sana kwenda mbele ili uzi upate nafasi ya kutetemeka. Bonyeza uzi mnene freti ya kwanza kwa mkono mmoja na kwa mkono mwingine pale shingo inapoungana na bodi, uangalie katikati, kwenye freti ya 7 au ya 8. Nafasi ya robo milimita inatosha. Ikizidi, kuna chuma ndani ya shingo ambacho kinakazwa kwa spana ya allen, mwendo wa saa unakaza na kunyoosha, kinyume chake unalegeza. Robo mzunguko kwa wakati, unatyuni tena, unaipa shingo muda itulie, unapima. Ukikuta kigumu acha, mpelekee fundi, maana hicho chuma kikikatika gitaa limeisha. Baada ya hapo ndo unashusha urefu wa nyuzi kwenye briji, pale nyuzi zinapokaa juu ya bodi: kwa gitaa la umeme pale freti ya 12 kati ya milimita 1.5 na 2 kunapigika vizuri, uzi mnene ukae juu kidogo kuliko mwembamba. Usishushe kupita kiasi kwa sababu ya sifa za kupiga haraka, nyuzi zikigusa freti sauti inakufa mapema hata kama husikii ule mlio kwenye spika.

Halafu kuna hili suala ambalo kwa mziki wetu ni kubwa kuliko kwa wapiga roki, nalo ni gitaa kutyunika chini likakataa juu. Solo wa rumba, wa dansi, wa benga, wote hao maisha yao yako juu ya shingo, freti ya 9, ya 12, ya 15, sebene haipigwi kwenye freti ya pili. Freti ya 12 ndo nusu kamili ya uzi, kwa hiyo noti yake inatakiwa iwe ile ile ya uzi mtupu ila oktevu moja juu. Uguse uzi kidogo juu ya chuma cha freti ya 12 bila kuubonyeza, upige, ule mlio wa kengele unaotoka uangalie kwenye tyuna ya simu. Afu bonyeza freti hiyo hiyo kabisa, piga, linganisha. Noti ya kubonyeza ikiwa juu, rudisha nyuma kile kijichuma kinachobeba uzi kwenye briji, yaani uzi urefushwe. Ikiwa chini, kisogeze mbele. Bisibisi tu. Fanya kwa nyuzi zote sita ukiwa na nyuzi mpya, kwa sababu nyuzi za zamani zitakudanganya. Nikisikia bendi ya vijana solo na rithim wanagombana, cha kwanza ninachowashauri wapime ni hiki, mara nyingi wametyuni sawa kabisa na kosa liko kwenye briji.

Kwa kuwa tuko kwenye nyuzi, kuna ujanja wa Wakongo unaoitwa mi-kompoze ambao kwa bei ya uzi mmoja unakupa gitaa jingine kabisa. Uzi wa nne, ule wa D, unatolewa, mahali pake unafungwa uzi mwembamba kama ule wa kwanza, unatyuniwa D ya juu, oktevu moja zaidi. Ukipiga vile vipande vya kuzungukazunguka vya rithim, noti mbili zinakaribiana na kumetameta kwa namna ambayo hakuna pedali itakuletea. Sharti moja: mfereji wa D kwenye nati ni mpana, uzi mwembamba utacheza ndani na kulialia, kwa hiyo tafuta nati ya pili ya bei chee uchonge ya kazi hiyo, na upime upya ule urefu kwenye briji.

Pikapu sasa. Watu wanabadilisha pikapu bila kujua kwamba zile za mwanzo zinapandishwa na kushushwa kwa bisibisi. Ndani ya pikapu mna sumaku, uzi wa chuma ukitetemeka juu yake unasababisha umeme mdogo kwenye koili, ndo sauti yenyewe hiyo. Ukiiweka karibu sana na nyuzi sauti inakuwa kali na yenye nguvu lakini sumaku inauvuta uzi, noti inayumba, inatoa kama noti mbili zisizoelewana na inakufa mapema, utaisikia zaidi upande wa nyuzi nene. Ukiishusha sana inakuwa nyembamba, kelele inazidi sauti. Bonyeza freti ya mwisho, acha milimita 2 hivi upande mwembamba na zaidi kidogo upande mnene, halafu malizia kwa sikio: badilisha swichi kutoka pikapu ya shingoni kwenda ya briji, zote zitoe nguvu inayokaribiana. Ile ya briji inatakiwa iwe karibu zaidi na uzi kwa sababu pale uzi hautetemeki kwa upana mkubwa. Kazi hii haina gharama yoyote na inabadilisha gitaa kuliko watu wanavyotegemea.

Tuje kwenye mvumo, ule "mmmm" usioisha. Umeme wetu Tanzania na Kenya ni wa hezi 50, na pikapu ya koili moja ni antena tosha kabisa, inaunasa kwenye nyaya za ukutani, taa, chaji za simu, televisheni. Kule kampuni ya magitaa ya Gibson, Seth Lover alibuni pikapu ya koili mbili mwaka 1955 kwa shida hiyo hiyo, koili zimewekwa kinyume kwa hiyo mvumo wa moja unafuta wa nyingine. Kama la kwako ni la koili moja usikate tamaa, tafuta kwanza mvumo unatoka wapi. Shusha sauti ya gitaa mpaka sifuri. Mvumo ukiisha, ni pikapu inanasa, zunguka chumbani kidogo utaona kuna upande ukielekea unapungua, kaa mbali na chaji na amplifaya yenyewe. Ukibaki vilevile, basi ni waya, amplifaya au umeme. Ukigusa nyuzi mvumo ukapungua, hiyo ni kawaida, maana yake waya wa ethi wa briji upo. Ukigusa ukazidi, kuna waya umeunganishwa kinyume au umekatika, mara nyingi kwenye jeki. Wanaopenda kufungua wanazungushia foili ndani ya tundu la nyaya, na hapo kumbuka foili ya jikoni ya alumini haishiki risasi ya kuchomelea, waya wa ethi uibane kwa skrubu. Foili inasaidia vikelele vya juu vya zzzz kuliko ule mvumo mzito, kwa hiyo usitegemee miujiza.

Nobu ikikwaruza ukiizungusha, ni uchafu, spirei ya kusafishia swichi na uizungushe mara nyingi. Jeki ikilegea, nati yake ikaze huku umeishika kwa ndani isizunguke, la sivyo unakata nyaya.

Waya. Waya mrefu wa bei rahisi unakula trebo, kila mita inaongeza kitu ambacho mafundi wanakiita kapasitansi, na pikapu ya kawaida isiyo na betri haina ubavu wa kulisukuma hilo. Mita 3 zinatosha nyumbani, za nini mita 10. Na hapo ndo tunafika kwenye desturi yetu maarufu, kuchomeka gitaa kwenye sabufa ya sebuleni. Sina shida nayo, ni spika, zinatoa sauti, ila gitaa lilivyo linataka kuchomekwa kwenye kitu chenye upinzani mkubwa mlangoni, amplifaya za gitaa kwa kawaida zina kama megaomu 1. Sabufa, miksa na redio, milango yao ya kawaida ni kiloomu 10, 20 hivi, ikipungua au kuzidi. Tofauti ni kama mara 50 au 100. Pikapu ikikutana na mlango wa hivyo inazimwa, sauti inatoka butu, imefunikwa, na ukichomeka kwenye tundu la maiki ya karaoke ndo mbaya zaidi maana inakuwa butu na inapasuka kwa wakati mmoja. Tiba ni kuweka kitu katikati, pedali yoyote yenye umeme ndani, hata ya bei chee ya mtumba, au kile kiboksi cha DI kinachounganisha gitaa na miksa, au kimashine cha efekti nyingi. Ukiwa na hicho sabufa inakuwa chombo halali kabisa cha mazoezi, punguza tu besi yake maana imetengenezwa kutikisa vikombe.

Ila usipige distoshoni, ile sauti ya kupasuka ya roki, moja kwa moja kwenye sabufa wala kwenye spika za ukumbi. Spika ya gitaa ina tabia yake, juu ya hezi 5,000 hivi inaacha kutoa, na hiyo inafunika uchafu wote wa distoshoni. Spika za mziki zenye twita, kile kispika cha sauti za juu, zinatoa kila kitu, ndo unasikia mbu. Kimashine cha efekti kwa kawaida kina sehemu inayoiga boksi la spika, iwashe hiyo. Kama huna, kata trebo bila huruma.

Amplifaya yenyewe, zile ndogo za wati 10 na 15, zinalaumiwa kwa kosa ambalo si lao. Ni za transista, na transista ikizidiwa inakata mawimbi ya sauti ghafla, pembe zinabaki kali, sikio linaumia. Ile ya taa, zile taa za kioo za redio za zamani, ikizidiwa inakunja taratibu. Kwa hiyo nobu ya geini ya amplifaya ndogo ukiipandisha mpaka mwisho unaipeleka mahali ambapo ni dhaifu kuliko kote. Lakini angalia upande wa pili, mziki wetu unataka nini? Solo safi, kavu, inayong'aa, kila noti peke yake. Hapo transista haina aibu, amplifaya ya Roland JC-120 iliyotoka 1975 ni ya transista na mpaka leo watu wanaitafuta kwa ajili ya sauti safi. Kwa hiyo mpiga rumba mwenye amplifaya ya bei chee yuko karibu na sauti yake kuliko mpiga roki mwenye amplifaya hiyo hiyo, na hili silioni likisemwa. Tumia chaneli safi, geini chini, volyumu juu. Ukihitaji distoshoni itoe kwenye pedali, zile zinazoiga ile pedali maarufu ya Tube Screamer zinasukuma midi, yaani sauti za katikati, mbele na zinapunguza besi, kitu ambacho spika ndogo inashukuru.

Kuhusu wati watu wanadanganyana mno. Kuongeza wati mara mbili, kutoka 15 kwenda 30, kunakupa desibeli 3 tu, unazisikia lakini si nyingi. Ili sikio liseme sauti imekuwa mara mbili inabidi wati ziwe mara 10 hivi. Sasa spika nazo zinatofautiana uwezo wa kugeuza umeme kuwa sauti: spika ndogo ya bei chee inaweza kutoa desibeli 90 kwa wati 1 ukiwa umbali wa mita 1, na spika ya gitaa ya Celestion Vintage 30 inatoa 100. Hizo 10 za tofauti ndo zile zile mara 10 za wati. Yaani wati 10 kwenye spika ile nzuri zinasikika sawa na wati 100 kwenye ile mbovu. Kiwanda kinajua mnunuzi anasoma wati kwenye boksi na haulizi spika, kwa hiyo kinakupa wati na kinakubania spika. Amplifaya yako ikiwa na tundu la spika ya nje, boksi moja lenye spika ya inchi 12 ya mtumba litakushangaza kuliko amplifaya mpya. Angalia omu tu, zilizoandikwa nyuma ya amplifaya zisishushwe, wameandika 8 usichomeke 4. Na ya taa kamwe usiiwashe bila spika.

Kabla hujanunua chochote isogeze. Amplifaya ndogo ikiwa sakafuni mbele ya miguu yako, wewe unasikia besi na magoti yako yanasikia trebo, maana sauti za juu zinatoka kwenye spika zimenyooka kama tochi. Unaongeza trebo hadi wewe uridhike, watu wa mbele wanaziba masikio. Iweke kwenye kiti au iegemeze nyuma ikutazame usoni. Ikiwa nyembamba sana isogeze kwenye kona, kuta zinaongeza besi bure, ikiwa inavumisha itoe konani.

Afu ile sauti tamu ya chumbani, besi juu trebo juu midi chini, ndo inayopotea ukiingia kwenye bendi. Chini kuna besi na kiki, ile ngoma kubwa ya dramu, juu kuna simbali, katikati ndo chumba chako na umekifunga mwenyewe. Ukiwa na wenzako shusha besi, pandisha midi, peke yake itasikika kama ya redio lakini kwenye bendi itakaa mbele bila kupandisha volyumu. Kanisani au ukumbini usitafute amplifaya kubwa, chukua maiki ya kawaida ya kuimbia, iweke karibu na kitambaa cha spika, katikati ya koni sauti ni kali na pembeni ni laini, uchague, spika za ukumbi zifanye kazi yake.

Na hili la umeme naomba lisichukuliwe poa. Plagi zetu zina pini tatu kwa sababu, ile ya juu ni ethi, na nyuzi za gitaa zimeungwa na ethi hiyo kupitia waya. Amplifaya ikichomekwa kwa kijiplagi cha pini mbili au ethi ya ukumbi ikiwa haipo, hitilafu yoyote ndani inakuja mpaka kwenye nyuzi, mkono uko kwenye gitaa, mdomo unagusa maiki iliyo kwenye umeme mwingine, unakuwa wewe ndo waya. Leslie Harvey, mpiga gitaa wa bendi ya Stone the Crows, alikufa hivyo jukwaani Swansea mwaka 1972. Ukihisi kupigwa shoti midomoni hata kidogo, simamisha shoo, tafuta tatizo, vyombo vyote vitoke kwenye ekstensheni moja yenye ethi ya kweli. Hasa kwenye shughuli za jenereta.

Gitaa kavu, lile la boksi, kwa kifupi: nati ni vile vile, nyuzi ni vile vile. Urefu unashushwa kwa kusugua kwa msasa chini ya kile kijimfupa cha kwenye briji, sawasawa, kisilale upande. Lenye pikapu ya chini ya mfupa likilia kiplastiki kwenye spika, punguza midi za juu na uzibe lile tundu kubwa kama linapiga kelele jukwaani.

Hela ikipatikana, mimi ningeitoa kwa mpangilio huu: nyuzi na fundi wa nati, afu waya mfupi mzuri, afu spika, afu pedali moja. Pikapu mpya mwisho kabisa. Na kama bado hujanunua gitaa lenyewe, dukani usiangalie rangi. Chungulia shingo kuanzia kichwani kama unavyochungulia mbao, ikijipinda kwenda mbele inarekebishika, ikijisokota kushoto kulia hairekebishiki. Piga kila uzi kwenye kila freti polepole, noti moja ikifa wakati jirani zake zinaimba, freti imeinuka, na hiyo ni kazi ya hela. Pima freti ya 12 kwa tyuna ya simu. Vile vijichuma vya briji vikiwa vimeshasogezwa mpaka mwisho na noti bado haikai, mrudishie muuzaji gitaa lake, la pembeni yake la bei ile ile linaweza kuwa zima.